Mstari Usiokatika

Magu,
26 Januari 2025

Mjomba wangu Chenge,

Shikamoo. Huku Magu hatujambo, ukiacha magoti ya mama yanayomsumbua kila mvua inapokaribia, na ndege walioamua kwamba mpunga wetu ni wao. Mama anashinda shambani akipiga debe kuwafukuza, na akirudi jioni bado anaongea kwa sauti ile ile ya shambani. Anakusalimu sana. Anauliza pia kwa nini ulimpita Bimdogo sokoni Igoma wiki ya Krismasi, uso kwa uso, bila hata kumwambia habari za leo. Bimdogo ameshalitangaza jambo hilo Magu nzima. Nimemwambia mama labda ulikuwa na haraka, lakini yeye ameamua kwamba sifa za mjini zimekupanda kichwani. Hilo mtamalizana wenyewe, mtu na dada yake.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu nimekatazwa kukupigia simu, na najua na wewe umekatazwa. Juzi kwenye semina ya walimu, Mwalimu Shigela, katibu wa kamati ya mashindano ya roboti, alitusomea kanuni zote, na alipofika ya kumi na nne akanitazama mimi. Mjenzi wa uwanja, yaani ubao ambao roboti zinakimbia juu yake, asikutane wala kuongea na mwalimu wa timu yoyote mpaka mashindano yaishe. Wakiwa ndugu, waandikiane barua za habari za nyumbani tu, na kamati ikizitaka wazitoe. Ndugu akibainika kuipendelea timu, timu hiyo inafungiwa miaka miwili, hata kama yenyewe haikujua. Walimu wote wakageuka kuniangalia. Kumbe ukumbi mzima ulijua kwamba uwanja wa mwaka huu unajengwa na mjomba wangu, isipokuwa mimi.

Kwa nini hukuniambia? Silaumu, nauliza tu. Mtu anayeandika nusu ya mabango ya Igoma anapewa kazi kubwa kama hii na mpwa wake anaisikia kwenye semina.

Shuleni nimepewa wasichana watano. Kiongozi wao anaitwa Justa, yuko kidato cha nne, kwa hiyo hii ni nafasi yake ya kwanza na ya mwisho. Roboti yao inaenea kwenye sahani ya wali. Kazi yake ni kuufuata mstari mweusi juu ya ubao mweupe mpaka mwisho bila kuguswa na mtu, ikiusoma kwa vitambuzi vilivyofungwa tumboni. Inapanda mwinuko, inakata kona, raha tupu. Inakwama kwenye pengo. Kanuni zinasema mstari utakatika mahali patatu, na roboti inatakiwa ivuke pale peupe ikaukute mstari ng'ambo. Yetu ikifika hapo inazunguka palepale hadi betri inachoka. Justa analia, na mimi najifanya najua la kufanya.

Hizo ndizo habari zangu. Ukijibu, mpe barua kondakta wa basi la asubuhi aiache dukani kwa Yakobo, hapa stendi.

Mpwa wako,
Hellen


Igoma,
16 Februari 2025

Hellen, mpwa wangu,

Marahaba. Usishtuke ukiona mwandiko wa Queen. Nilijikata kidole gumba kwa patasi, kwa hiyo mimi nasema na binti yangu anaandika. Tunaendelea vizuri. Queen anakwenda chuoni Nyegezi asubuhi na kurudi jioni, anapika akiwa na kitabu mkono mmoja, na wali wake una ladha ya kitabu. Josephat, fundi ninayefanya naye kazi, amepata mtoto wa kiume na sasa anachelewa kila siku kwa kisingizio hicho. Mwenye duka la dawa amenirudishia bango, anadai herufi zimepinda. Tangu nishike brashi hakuna aliyewahi kuniambia herufi zangu zimepinda. Nadhani amegombana na mkewe na alitafuta mtu wa kumalizia hasira.

Mwambie dada yangu kwamba Bimdogo nilimwona vizuri sana. Nilinyamaza kwa sababu yule mama ukimsalimu asubuhi utaagana naye jioni. Mambo ya sifa kichwani ni uzushi wenu wa Magu.

Sasa nije kwenye lililonikera. Umeniandikia kwamba barua ziwe za habari za nyumbani, halafu katika barua hiyo hiyo umenieleza roboti yenu inashindwa wapi. Nani kakutuma? Mkuu wako wa shule? Au umejituma mwenyewe? Wewe ni mwalimu, huwezi kuniambia kwamba ilikuponyoka. Kamati ikiiomba barua ile nitaitoa, na atakayeisoma ataona mpwa anamwonyesha mjomba wake mahali pa kumbebea. Usirudie. Sitaki kujua roboti yenu inapenda nini na inaogopa nini.

Umeuliza kwa nini sikukuambia. Ungefurahi, na wewe ukifurahi unasikika hadi Musoma. Isitoshe, kazi yenyewe ni ya siri. Walinipa mchoro umefungwa kwenye bahasha, nikaapa kwamba hakuna jicho jingine litakaloutazama. Nafanya kazi peke yangu, stoo imefungwa kwa ndani. Hata Josephat, ambaye siku zote ndiye anayenisomea vipimo, nimemfungia nje, na amenuna. Sina la kumsaidia. Kiapo ni kiapo.

Msalimu mama yako na magoti yake.

Ni mimi mjomba wako,
Chenge


Magu,
9 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Pole na kidole. Mama anakusalimu, ingawa safari hii salamu imepungua kidogo kwa sababu ya maneno yako kuhusu Bimdogo, ambaye ni rafiki yake wa tangu utotoni. Mpunga umetoa masuke. Ndege wamehamia shamba la jirani, na jirani anaamini mama amewatuma.

Nimekusikia kuhusu barua ya kwanza. Sikutumwa na mtu. Niliandika kilichokuwa moyoni siku ile, na wewe ndiye niliyezoea kukueleza. Tuyaache hayo.

Lakini kwa kuwa umeanza wewe kunishuku, na mimi nina langu. Wiki iliyopita tulikutana walimu wa timu zote. Mwalimu Abdillah, wa shule moja ya mjini, timu yao ndiyo inayoogopwa, alikuwa anakunywa chai akamwambia mwenzake kwa kujiamini kabisa kwamba mwaka huu mwinuko uko mwanzoni mwa uwanja. Nilipomkaribia akabadilisha mazungumzo. Yeye kajuaje? Mchoro umefungiwa stoo kwako. Nikakumbuka kwamba Abdillah anasoma jioni Nyegezi, chuo kile kile cha Queen.

Siandiki haya kumchafua mtu. Queen, mdogo wangu, najua wewe ndiye wa kwanza kuisoma barua hii. Kama humjui Abdillah, nisamehe. Kama unamjua, utakuwa unajua ninachouliza.

Na hicho kidole, Mjomba. Juzi nimepita hapa Magu kwenye saluni mpya nikaona bango zuri, jekundu na manjano, na jina lako pembeni, rangi haijapoteza hata mng'ao. Mkono unaoandika bango zima la saluni unashindwaje kuandika ukurasa mmoja? Kama kuna sababu hutaki barua zionekane zimetoka mkononi mwako, niambie. Nimeanza kuogopa kwamba unajikinga na jambo ambalo mimi silijui, na kwamba siku likifumuka nitakuwa wa mwisho kulisikia, kama ilivyokuwa kwenye semina.

Nijibu mapema.

Hellen


Igoma,
13 Aprili 2025

Hellen,

Sisi wazima. Josephat mzima, mtoto wake mzima.

Nimechelewa kujibu kwa makusudi. Umemliza Queen. Aliisoma barua yako kwa sauti hadi pale ulipomtaja, akanyamaza, nikadhani ameitwa nje. Nililazimika kumwomba aendelee. Huyo Abdillah wako hamjui kwa jina wala kwa sura, na mchoro hajauona, maana hakuna aliyeuona. Ukikutana na Queen utamwomba radhi kwa mdomo wako mwenyewe.

Bango la saluni aliandika Josephat. Jina liko langu kwa sababu karakana ni yangu. Sikujua kwamba siku hizi mabango ninayopeleka Magu yanakaguliwa.

Na usidhani sijauona mtego wako. Unaniambia kwamba fulani anasema mwinuko uko mwanzoni, ili mimi nikasirike niandike kwamba hapana, uko mahali fulani. Nimeishi mjini muda mrefu. Sisemi uko wapi, na sisemi kama amekosea au amepatia.

Kazi nimeimaliza. Uwanja umefunikwa turubai na Mwalimu Shigela ataufuata mwenyewe siku moja kabla ya mashindano. Nitakuambia neno moja ambalo halivunji kanuni yoyote. Sijawahi kupiga mstari mzuri kama ule. Brashi haikutetemeka. Nilipomaliza nilikaa chini stoo nikashukuru Mungu, maana nilikuwa na wasiwasi na kazi hii kuliko nilivyomwambia mtu yeyote.

Pasaka siji. Wewe unaishi kwa mama yako, na kanuni ya kumi na nne haijui Pasaka. Mwambie dada yangu asininunie.

Chenge


Magu,
12 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mama ameanza kuvuna na hana muda wa kuumwa. Salamu zake utazipata akipumzika.

Nilikutafuta ukumbini Jumamosi. Wajenzi wa miaka mingine walikuwa wanakaa mbele na kupigiwa makofi. Mwalimu Shigela alisema umetuma udhuru.

Nadhani habari zimeshakufikia, lakini nataka uzisikie kwangu. Turubai lilipofunuliwa watu walisogea kwanza kutazama uzuri wake. Ubao mweupe, mstari mweusi, kingo kali, kona zimekaa sawa. Mwinuko ulikuwa mwishoni kabisa. Abdillah alikuwa anajisemea tu siku ile ya chai, na Queen nitamwomba radhi nikiwa nimesimama mbele yake. Halafu nikaanza kutafuta mapengo. Nilipitisha macho mara mbili. Mjomba, hakuna pengo hata moja. Mstari umetoka mwanzo hadi mwisho haujakatika.

Walimu wengine nao wakaanza kunong'ona. Mwalimu Shigela akautoa mchoro, na mchoroni mapengo yapo, matatu, yanaonekana wazi. Akasema timu zimetoka mbali, zote zitapita uwanja ule ule, tuendelee, na mwenye lalamiko aandike baadaye. Tukaendelea. Roboti za wenzetu, zilizofundishwa kutafuta mstari unapopotea, zilikwenda kwa kusitasita. Yetu, isiyojua pengo ni nini, ilikimbia moja kwa moja. Tumekuwa wa kwanza mkoa mzima. Wasichana waliruka hadi viatu vikawatoka. Justa peke yake hakuruka. Alinitazama, na sikujua niweke wapi uso wangu.

Abdillah ameandika lalamiko jioni ile ile. Leo Mwalimu Shigela amenipigia simu. Kamati itakaa Jumamosi tarehe 24, mpaka hapo kanuni ya kumi na nne bado inatufunga, na wanataka barua zetu zote. Barua zote, Mjomba. Kuna ile ya Januari, ambamo nilikuandikia kwa mkono wangu kwamba roboti yetu inakwama kwenye pengo. Hata mimi ningekuwa kwenye kamati ningesema jambo liko wazi. Tukionekana tulipanga, wasichana wanafungiwa miaka miwili. Wadogo watarudi wakiwa vidato vya juu. Justa hatarudi, anamaliza Novemba, na cheti chake cha mambo ya roboti kitakuwa ni kufungiwa.

Kwa hiyo nakuuliza, na nakuomba usinizungushe. Uliziba yale mapengo kwa ajili yangu?

Hellen


Igoma,
15 Mei 2025

Hellen,

Hongera kwa mavuno, mwambie mama yako asibebe magunia.

Umeniuliza na mimi nakujibu. Andika kwa kamati kwamba mjomba wako alifanya kwa kichwa chake. Waambie ni mzee mwenye mapenzi na mpwa wake, alisoma kwamba roboti inashindwa pengo, akaliziba. Waambie ulimkanya. Watanilaumu mimi, hawatanipa kazi tena, na mimi nitaishi. Hapa Igoma mtu aliyempendelea mtoto wa dada yake hakuna anayemshangaa. Wengine watanisifu.

Usiniulize zaidi ya hapo. Na kabla hujaninyooshea kidole, jiulize na wewe. Uliona mstari hauna pengo kabla roboti yenu haijawekwa juu yake. Ulikuwa na mdomo. Kwa nini hukusema? Nimeona ulivyoandika, ulipitisha macho mara mbili, halafu mkaendelea. Kwa hiyo sote wawili tumenyamaza, kila mtu kwa sababu zake.

Barua zako nimemwambia Queen azipeleke kwa Shigela zote, hata ile ya Januari. Sifichi karatasi.

Mjomba wako,
Chenge

Dada Hellen, kuanzia hapa ni maneno yangu mimi Queen. Baba amekaa mbele yangu kwenye kochi, ananitazama, na anadhani naandika anwani juu ya bahasha. Hawezi kuona kwamba bado niko kwenye karatasi.

Hakuna kidole kilichokatwa. Baba haoni, dada. Ilianza mwaka juzi kama ukungu, sasa ukisimama kwenye mlango anajua kuna mtu lakini hajui ni nani mpaka useme. Ndiyo maana Bimdogo alipitwa. Tulikwenda kwa daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na anaweza kutolewa. Baba alikataa. Anasema akionekana na bandeji machoni hakuna mtu Igoma atakayempa tena brashi. Mabango yote ya mwaka huu ameandika Josephat, na baba anakaa pembeni akisema weka nyekundu, weka bluu. Kazi ya uwanja angeiweza kama Josephat angekuwa anamsomea. Lakini kiapo kilimfungia ndani peke yake na mchoro. Anasema alikuwa anausogeza dirishani kwenye jua na kuugusisha na pua. Mstari mkubwa aliuona, akaupiga kwa kufuata rula na utepe kwa vidole. Yale mapengo madogo hakuyaona.

Hakuziba kitu kwa ajili yako. Hata barua yako ya Januari, pale penye pengo alinikatiza, akaniambia niruke, hiyo si habari ya nyumbani, kwa hiyo hakusikia kwamba mstari unatakiwa kukatika. Ukipeleka jibu lake kamatini, wale wasichana wamekwisha. Nimemwambia. Amenijibu kwamba afadhali aitwe mwizi kuliko fundi kipofu. Mimi sijui la kufanya, nimekuandikia wewe. Ananiuliza anwani gani ndefu hivi.


Magu,
18 Mei 2025

Queen, mdogo wangu, msomee baba yako barua hii kwa sauti, yote, usiruke mahali. Na kabla hujaanza, nisamehe kwa yale ya Abdillah. Yalikuwa machafu.

Mjomba, shikamoo.

Najua kuhusu macho yako. Usimgombeze aliyeniambia. Amebeba siri yako peke yake tangu mwaka juzi, na amepika, na amesoma, na mimi nikamrushia tope. Ukitaka kumkasirikia mtu nikasirikie mimi.

Nimelia, halafu nimekasirika, na hasira bado ninayo. Nilikaa miezi yote hii nikihesabu maneno yako nikitafuta ulipojificha. Nilidhani umeniuza kwa timu nyingine, halafu nikadhani umeninunulia ushindi. Nilikudhania kila kitu isipokuwa kwamba unaumwa. Na wewe ulinidhania nimetumwa. Mama amekaa hapa anavua viatu vya shamba, nimemweleza, na sauti yake imeshuka kwa mara ya kwanza tangu ndege waje. Kisha akasema, "Chenge alikuwa anaweza kunitambua kwa kivuli tu. Kwa nini hakuniambia mimi?"

Umesema afadhali uitwe mwizi. Ungekuwa unalipa wewe, ningekuachia. Mjomba, kanuni iko wazi. Ukisema ulinipendelea, wewe unarudi karakana na Igoma inakucheka wiki mbili. Wanaofungiwa ni wasichana watano ambao hujawahi kukutana nao. Lakini lililotokea likiwa ni kosa la ujenzi, lisilo na upendeleo, kanuni inasema mashindano yanarudiwa na hakuna anayefungiwa. Tofauti yake ni maneno yako tu.

Kuhusu mdomo wangu, umesema kweli. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka washinde. Nimeshamwandikia Mwalimu Shigela hivyo, na nimewaambia wasichana. Justa akasema, "Madamu, sisi tulijua hatujashinda, tulikuwa tunakusubiri wewe." Wamerudi kwenye maabara. Sasa ikifika peupe roboti inasogea mbele kidogo kabla ya kuanza kuzunguka. Mara nyingine inavuka. Mara nyingi bado.

Sitasimama kamatini kusema habari za macho yako. Ningeweza, na Queen angeweza. Lakini ni macho yako, na ni jina lako lililo juu ya karakana, kwa hiyo nakuachia. Kamati inakaa Jumamosi saa nne. Mimi nitapewa majibu Jumatatu, na nitayapokea yoyote yatakayokuwa.

Nakupenda, na niko hapa.

Hellen


Igoma,
25 Mei 2025

Hellen,

Huu ni mkono wangu. Queen yuko kanisani. Maneno yakipandana utayatenganisha, wewe ni mwalimu, umezoea madaftari.

Marahaba ya barua iliyopita, sikuijibu. Queen aliisoma yote. Alipofika pale pa mama yako nilimwambia aache, akakataa, akasema ameambiwa asiruke. Simjui huyu mtoto ameanza lini kunikatalia.

Jana nilikwenda. Nilipanga nikaseme yale yale niliyokuandikia. Niliyarudia njia nzima. Nikaingia, nikasikia viti vingi, sikujua wamekaa wangapi. Mwalimu Shigela akasoma barua yako ya Januari, akauliza, mzee Chenge, uliyaziba mapengo kwa sababu ya hii? Nikafungua mdomo kusema ndiyo. Nikaona aibu, Hellen. Nimeandika jina la kila mtu Igoma bila kosa, halafu niende kuandika uongo juu ya watoto wa watu. Nikasema hapana. Nikasema sikuyaona, kwa sababu sioni.

Abdillah akasema, kwa heshima, hayo yanaweza kuwa maneno ya kujitetea. Sikumlaumu, ningesema hivyo hivyo. Nikamwambia anipe mchoro. Nikauweka mezani nikaombwa nionyeshe mahali mapengo yalipo. Nikaweka kidole. Nikaweka pengine. Mwalimu Shigela akasema taratibu, mzee inatosha. Nikamwambia haijatosha, nataka kumaliza, na nikaweka cha tatu. Baadaye Queen aliniambia vyote vitatu niliviweka kwenye maandishi ya pembeni, nje ya uwanja kabisa. Abdillah ndiye aliyenishika mkono kunitoa nje. Ana mkono wa mtu mwema.

Walikuwepo watu wa Igoma pale. Kufika jioni wanajua wote. Leo asubuhi mwenye duka la dawa amekuja, nikadhani amekuja kucheka. Akanisalimu kwa kutaja jina lake kwanza. Tangu jana kila mtu anataja jina lake kwanza, na inaniuma na inanisaidia. Karakana nimemwachia Josephat. Hilo la daktari nitalifikiria. Naogopa, nisikufiche.

Mashindano yanarudiwa Jumamosi tarehe 31, timu zote, uwanja ule ule. Wasichana wako hawajafungiwa. Shigela ameniomba Josephat akaukate ule mstari mahali patatu. Nimekubali. Nimemwambia afanye nikiwa sipo, maana ule ulikuwa mstari wangu wa mwisho na ulikuwa mzuri.

Nitakuja na Queen. Kanuni ya kumi na nne hainihusu tena, mimi si mjenzi wa kitu. Usinikalishe mbele na wageni. Nikalishe kando ya ubao, karibu kabisa, niisikie mota. Ikifika kwenye pengo nishike mkono. Ikivuka, uniachie.

Chenge